Sindano za Wachina na kikao cha ukoo Kipalapala

Wadau, hivi mnajua kwamba China kuna watu wamechomwa sindano ili waache intaneti? Hata mimi nilidhani utani, mpaka suala likaja kwetu.

Niko Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mtoto wa baba mdogo karudi kutoka chuo bila kufanya mitihani. Hanywi, havuti. Yeye na simu tu: gemu mpaka alfajiri, mchana analala. Ukoo umekaa vikao viwili. Shangazi anataka maombi, baba mdogo anataka simu ivunjwe yaishe. Mjomba, ambaye hufuata mzigo Guangzhou, ndiye aliyeleta habari za sindano. Watu wakacheka. Mimi kama mwandishi wa habari wa ukoo (cheo kisicho na posho) nikaambiwa nichunguze.

Mjomba hakuzusha. Mwaka 2012 watafiti wa China walitoa matokeo ya wagonjwa 120 waliogawanywa makundi 3: sindano zenye umeme mdogo, mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia, na vyote viwili pamoja. Wote walipata nafuu, wa vyote viwili zaidi. Lakini hapakuwa na kundi la sindano za uongo, kwa hiyo utajuaje kama kilichosaidia ni sindano au ni kule kushughulikiwa na mtu kila mara?

Halafu kuna ambalo mjomba hakulisema. Huko huko China, mjini Linyi, vijana walikuwa wanapigwa shoti za umeme kwa jina la tiba hiyo hiyo, mpaka wizara ya afya ikapiga marufuku mwaka 2009. Ndiyo maana naogopa mtu akiniambia "kuna dawa" kabla hajamwona mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani lenyewe halijaorodhesha uraibu wa intaneti. Limeorodhesha wa gemu, kuanzia Januari 2022: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo yote, na anaendelea huku anaona inamuumiza, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Nilipousoma ule mstari nilimwona dogo kabisa.

Jana jioni nilimuuliza mwenyewe, maana vikao vyote viwili hakuna aliyemuuliza. Akasema kwenye gemu yeye ni kapteni, watu watano wanamsubiri kila usiku. Chuoni hana anayemjua, na ile kozi alichaguliwa.

Kesho nampeleka hospitali ya Kitete, tuulizie mtu wa afya ya akili. Baba mdogo akataka kujua kama watamchoma sindano. Nikamwambia hapana baba, nadhani wataanza na maswali.

Akakaa kimya muda mrefu. "Na sisi wazazi watatuuliza?"