Wilberforce ni jina moja

Jamani, mwenzetu hapa kambini Uganda anaitwa Wilberforce. Huwa tunamtania, eti jina la askari. Kumbe lilianza kama jina la ukoo Uingereza, kutoka kijiji cha Wilberfoss karibu na York: mtaro wa Wilburg, na Wilburg ni jina la kike la zamani! Kwao hulisikii sana. Huku Uganda na Kenya lipo, kwa heshima ya William Wilberforce, mbunge aliyepigania sheria ya 1807 dhidi ya biashara ya watumwa.

Sasa kwenye kadi yake wameandika majina mawili, Wilber Force. Cheti cha shule kina moja. Ufadhili umekwama hapo. Nyinyi mnaoandikisha watu, muulizeni mwenyewe linaandikwaje. Muhula unaanza, yeye bado yuko foleni.