Barua pepe "imefunguliwa" haina maana imesomwa

Leo tuweke pembeni uji na chanjo, tuongelee barua pepe. Najua kuna atakayesema nesi naye kaingilia mambo ya kompyuta. Soma tu mpaka mwisho, linamhusu mwanao.

Siku hizi zipo hospitali na maabara zinazotuma majibu kwa barua pepe. Wauza nepi na nguo za watoto nao, ukishawapa tarehe yako ya kujifungua, wanakuandikia kila wiki. Baadhi ya barua hizo zina kitu usichokiona: kipicha cha nukta moja, hakina hata rangi. Ukifungua barua, simu yako inakwenda kukichukua kwenye kompyuta ya aliyetuma, na hapo hapo kwake inaandikwa: huyu kafungua, saa nane usiku, kwa simu ya aina fulani, yuko karibu na mji fulani.

Ujanja, sio? Shida ni kwamba unadanganya.

Apple tangu 2021 wana kinga kwenye programu yao ya barua. Ukiiwasha, programu inazivuta picha yenyewe kimyakimya, hata kama barua hujaigusa. Mtumaji anaona "imefunguliwa". Gmail nayo tangu 2013 inazipitisha picha kwenye kompyuta zake, kwa hiyo mtumaji hajui uko wapi. Na kinyume chake pia kipo: mama aliyezima picha ili kuokoa bando anaweza kusoma barua yote, mtumaji akaambiwa haijafunguliwa.

Halafu hata ikifunguliwa kweli, kafungua nani? Simu ya nyumbani inashikwa na baba, na dada, na mtoto anayetafuta katuni.

Sasa fikiria majibu ya mjamzito, damu iko chini. Yametumwa, kompyuta inasema yamefunguliwa, ofisini wanaridhika, hakuna anayepiga simu. Mama hajaona chochote. Anaendelea kusema "nachoka tu, ni mimba", kumbe anahitaji matibabu leo.

Na sheria je? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kenya wana ya kwao ya 2019. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anazikusanya kwa ajili gani. Kipicha cha kujificha hakikuelezi kitu. Ulaya wasimamizi wa taarifa binafsi walilikemea jambo hili tangu 2006: kumfuatilia mtu kama kasoma barua, bila ridhaa yake ya wazi, hawakulikubali. Kwa hiyo anayetumia njia hii anabeba mzigo wa kisheria kwa jibu ambalo lenyewe si la kuaminika.

Basi fanyeni hivi:

1. Ukipima, usiondoke bila kuuliza: majibu yanatoka lini, na nisipoyaona nimpigie nani? Andika namba kwenye kadi ya kliniki.

2. Siku ikifika kimya, piga au nenda. Usijiambie "kama kuna tatizo wangenitafuta". Huenda wanaamini umeshasoma.

3. Kwenye mipangilio ya barua pepe, chagua simu ikuulize kwanza kabla ya kuonyesha picha. Bando linapona na siri yako inapona.

4. Ukiombwa uthibitishe kwamba umesoma barua, unaruhusiwa kukataa. Ila kama ni hospitali, wajibu kwa maneno yako: "Nimeona, nakuja kesho."

5. Na wewe ukituandikia, usikae kusubiri alama ya kusomwa wala tiki za bluu. Kichanga hanyonyi, ana homa, amepata degedege, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika: mbebe, twende hospitali. Simu utaipiga njiani.

Kwetu wodini, ujumbe umefika pale mtu anapojibu. Alama kwenye kioo cha simu haijawahi kumtibu mtoto.

Mtumie na mama mwenzio. Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu nitajibu.