Kupanda Mlima ni Springi, Kushuka ni Breki

Ukifika Moshi usikimbilie kuutazama mlima. Mlima haukimbii, na mara nyingi jua likishapanda unakuwa umejifunika mawingu kama bibi harusi. Wewe simama pale Mnara wa Saa uangalie pikapu zinavyozunguka. Utaziona zilizokaa chini nyuma kama mbwa aliyechoka. Hizo springi zimelala. Utaziona zilizoinua makalio kama panzi. Hizo zimeongezewa majani. Halafu kuna zile za vijana wa mjini, zimenyanyuliwa mbele na nyuma, matairi manene, zinang'aa utadhani zinapeleka maharusi kanisani. Hizo matope huyaona kwenye kalenda tu.

Nimekuwa nikiyachungulia matumbo ya magari kwa wiki nzima, na sababu ninayo. Baba yangu mdogo kule Old Moshi ana Hilux ya mwaka 1994, dizeli, ile ya zamani yenye springi za majani mbele na nyuma. Kwa wasiojua, majani ni yale mapande bapa ya chuma yaliyopangwa kama chapati kwenye sahani. Gari hiyo hushusha ndizi sokoni na kupandisha saruji na mbolea. Mtu akizidiwa usiku, ndiyo ambulansi ya kumwahisha KCMC. Kukiwa na msiba, ndiyo inayobeba jeneza. Sasa springi za nyuma zimechoka, ikipakiwa tairi linalamba bodi kila penye shimo. Mzee akauza dume la ng'ombe. Nusu ya hela ni ada ya binti yake, nusu ni ya springi. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umefika fomu foo, nenda ukasome hayo maandishi kwenye maboksi. Wasije wakaniuzia sura."

Basi nikaingia kwenye gereji za mjini. Shauri la kwanza nililopewa, na ndilo la bei rahisi, ni kuongeza jani. Fundi kijana akaniambia, "Dogo, tunachomeka jani moja la lori, umemaliza." Ni kweli gari litainuka. Lakini piga hesabu. Springi ya majani manne ukiiongezea la tano lenye unene uleule, ugumu unapanda kwa kama robo. Ukichomeka la lori, lililo nene zaidi, ugumu unapanda kuliko hapo. Gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa, tairi la nyuma linaachia ardhi, na mlimani tairi lisilogusa ardhi halisukumi kitu. Tena yale majani ya zamani yameshachoka, kwa hiyo mgeni anabeba peke yake mpaka anapasuka.

Shauri la pili ni kuzipeleka springi zilezile zikapindwe upya. Zinarudi zimejikunja vizuri, unafurahi. Ila chuma kisipopikwa na kupozwa inavyotakiwa, msimu mmoja wa ndizi unatosha kukilaza tena. Hapo umelipa nauli ya kwenda na kurudi palepale.

La tatu ndilo linalowatoa vijana udenda, seti mpya kabisa. Ziko za Old Man Emu kutoka Australia, ziko za majina mengine, na ziko feki zilizopakwa rangi nzuri kuliko zenyewe. Seti za namna hii mara nyingi huinua gari kama sentimita 4 au 5. Muuzaji mmoja akanitolea ile ngumu kuliko zote. "Chukua hii, hata ukipakia kanisa inabeba." Nikasoma boksi kama nilivyotumwa. Kumbe seti hizi zinauzwa kwa uzito, na uzito unaotajwa ni ule unaokaa garini siku zote. Mzigo wa siku moja moja hauhesabiwi hapo. Pikapu ya mtalii yenye hema, matangi na friji haipumziki, mzigo wake uko palepale asubuhi na jioni. Pikapu ya ndizi kwa siku hiyohiyo inapanda tupu na kushuka imeshiba. Ukiifunga springi ya mtalii, safari ya kupanda itakung'oa meno.

Nikapanda Old Moshi nikaone mwenyewe. Unatoka mjini kwa barabara ya Himo, ukifika Kiboriloni unakata kushoto na mlima unaanza kukudai. Migomba inakuja hadi dirishani, kahawa iko chini ya kivuli chake, mifereji ya maji inapita pembeni. Hii ndiyo nchi ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Barabara kubwa ni afadhali, shughuli iko kwenye vijia vya kuingia vihambani. Ni vyembamba, udongo mwekundu, na masika ya Machi hadi Mei vinateleza kama sabuni. Gari linakwenda limelalia upande, tairi moja mferejini, jingine kwenye mzizi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari likinyanyuliwa mno linakuwa na kichwa kizito. Mikungu ikiwa imepangwa hadi juu ya vyuma vya bodi, sentimita chache tu zinaweza kukupeleka kwa jirani bila kubisha hodi.

Lakini lililonitoa jasho nilionyeshwa siku tuliporudi kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Baba mdogo alimwamkia "Shikamoo meku," naye akaitikia huku tayari ameshaingia chini ya gari. Akaniita nikalala naye kwenye boksi. "Unakiona kile?" Juu ya ekseli ya nyuma kulikuwa na kifimbo cha chuma kinachokwenda kwenye kidude kilichofungwa kwenye chesisi. Hilux nyingi za umri huo zinacho. Ukipakia, bodi inashuka, kifimbo kinasogea, na kidude kinaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Gari likiwa tupu kinazipunguzia, ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuburuza.

"Sasa," akasema, "ukiinua nyuma kwa springi ngumu, yeye anajua gari ni tupu. Hata ukipakia tani."

Nikanyamaza, nikaiona ile njia tuliyoshuka. Tani nzima ya ndizi nyuma, mteremko unakusukuma, na breki za nyuma zimeambiwa hakuna kazi. Za mbele zinabeba peke yake, zinachemka, harufu inaingia ndani. Halafu wakati mwingine mzigo wenyewe si ndizi, ni mama mjamzito. Katika maduka yote niliyopita, kila muuzaji aliniambia gari litapanda sentimita ngapi. Hakuna aliyezungumzia kushuka.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Gari likiinuliwa, kile kifimbo kirudishwe kwenye mkao wake kwa kiasi kilekile lilichoinuka. Mpira wa breki nao uangaliwe, tairi likining'inia usivutike. Fundi asiyegusa vitu hivyo viwili hajamaliza kazi, hata kama gari limependeza.

Mwisho tulichagua hivi. Nyuma tumefunga springi mpya za uzito wa kati, zenye jani nene la chini lililonyooka. Jani hilo haliwagusi wenzake mpaka mzigo ukae, kwa hiyo gari tupu linatembea kistaarabu na lililojaa linasaidiwa. Mbele tumebadilisha bushi tu. Shokapu tumenunua mpya zote nne, na hapa usidanganywe: shokapu haibebi mzigo wala haiinui gari lililolala, kazi yake ni kutuliza springi isidunde. Fundi mzee akarekebisha kifimbo. Ada ya binti haikuguswa. Majani ya zamani yamewekwa kwa ajili ya mhunzi, maana chuma cha springi kinatoa panga lisilochoka kukata migomba.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujafungua pochi jiulize maswali matatu. Gari lako linabeba nini kila siku? Linakuwa tupu wakati wa kupanda au wa kushuka? Na nani atalala chini kuangalia breki baada ya springi kufungwa? Swali la tatu mwulize fundi ukimtazama machoni. Akicheka, washa gari lako uondoke.