Safari ya matete: tulivyowafundisha watoto kuvua kwa upinde



Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya likelemba, bei ya unga na afya ya watoto. Wiki hii tunawaletea habari ya safari. Jumamosi ya mwisho ya likizo kubwa, sisi mama tisa wa Rugenge tulichukua watoto wetu kumi na wanne, tukaenda nao kwenye matete ya kaskazini, upande ule mto Ruzizi unapoingia ziwani. Mzee mmoja mvuvi alikubali kuwafundisha kuvua samaki kwa upinde na mshale.

Baadhi yenu mlituuliza sokoni: "Mwalimu, mmewachoka watoto? Mnawapa mishale na kuwapeleka kwa mamba?" Swali hilo ni la haki, na sisi wenyewe tulijiuliza zaidi ya mara moja. Basi tueleze kilichotusukuma, namna tulivyojilinda, na jambo lililotokea huko. Kisha kila mama ataamua mwenyewe.

Mwezi wa sita, mama mwenzetu mmoja aliingia katika mkutano na kifurushi chini ya kitenge. Alipokifungua tuliona chandarua, ile tunayoita mustikeri, imejaa matope na magamba. Aliipewa alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho. Kijana wake wa miaka kumi na mmoja alikuwa ameishusha juu ya kitanda cha mtoto, na yeye na wenzake walikuwa wakiikokota ufukoni kila jioni. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa. Mnajua kwamba nchi nne zinazogawana Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa na kukua. Mnajua pia jinsi sufuria zetu zinavyokuwa katika miezi hiyo.

Mama huyo alituambia: "Nilimpiga. Kisha nikawapika wale samaki, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine ndani."

Hakuna aliyemlaumu. Wengi wetu tumekwisha pika samaki wa namna hiyo, wadogo kama ukucha, tukijua wametoka wapi. Lakini tangu siku hiyo tulianza kujiuliza: mtoto huyu amezaliwa hatua mia mbili kutoka ziwani, je, nani amemfundisha ziwa? Shuleni tunamwambia kwamba Tanganyika lina kina cha mita 1.470, kwamba ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Anaimba jibu, anapata maksi. Hatumwambii kwamba kina hicho karibu chote hakina samaki. Kwetu kaskazini, hewa wanayopumua samaki majini inaishia kwenye mita 100 hivi, na chini ya hapo hawawezi kuishi. Tena samaki wengi hulelea watoto wao karibu na nchi kavu, kwenye majani, mawe na matete. Pale ndipo chandarua inapopita.

Ndiyo maana tulimtafuta yule mzee. Watoto walimwita Babu, nasi tutamwita hivyo. Utotoni alivua kambale kwa mkuki kwenye maji mafupi, baadaye akaishi kwa nyavu na ndoano. Upinde wa samaki aliwatengenezea wajukuu wake, maana mkuki ni mzito kwa mkono wa mtoto. Si jambo geni duniani. Watu wa misitu ya Amazon, kule Amerika ya Kusini, hupiga samaki kwa mishale mirefu, na huko Marekani kuna watu wanaofanya hivyo kama mchezo, uzi wa mshale umezungushwa kwenye kigurudumu kilichofungwa kwenye upinde.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa basi dogo. Kila mama alichanga faranga 5.000, na waliokosa tuliwatolea katika kasha la chama. Tulipita Mulongwe, na kama kawaida sauti zilishuka ndani ya basi, maana hakuna aliyesahau usiku ule wa Aprili 2020 mto uliposhuka na mawe na kuchukua nyumba na watu. Tukapita Kavimvira, tukaacha barabara kubwa. Kushoto milima ya Mitumba, kulia ziwa, na ng'ambo yake milima ya Burundi ikianza kupata jua.

Njiani tuliwapa watoto somo la jiografia bila ubao. Ruzizi inatoka ziwa Kivu, pale Bukavu. Inashuka karibu mita 700 kabla ya kufika kwetu, na inaposhuka kwa nguvu inabeba udongo. Ikifika tambarare inachoka, inaweka mzigo wake chini. Juu ya tope hilo yanaota matete na mafunjo, na ndani yake samaki, ndege na viboko wanapata makao. Mtoto mmoja akauliza: "Kwa hiyo udongo wa Bukavu uko hapa?" Tukamjibu ndiyo, kidogo kidogo, kila siku.

Babu alitungojea na mjukuu wake mkubwa na mitumbwi miwili. Siku iliyotangulia alikuwa amezunguka mahali pote kutazama nyayo. Kabla ya upinde, alitutolea sheria, na tunaziandika hapa kwa ajili ya kikundi chochote kitakachotaka kwenda.

Hakuna anayetia mguu majini, hata kunawa. Mamba hupenda maji yaliyotulia karibu na majani, na konokono wa maji kama hayo hubeba kichocho. Kila mtu mzima anashika watoto wawili na kuwajua kwa nguo zao. Njia iliyolala kama handaki ndani ya matete ni ya kiboko, haipitwi wala haizibwi. Saa tisa kila mtu awe amerudi garini, maana jioni viboko hutoka kula majani. Maji ya kunywa yanatoka nyumbani, yamechemshwa, pamoja na sabuni. Sisi watu wa Uvira tunajua kolera haihitaji mwaliko.

Kuhusu upinde: mshale hauwekwi kwenye kamba mpaka Babu aseme. Ncha haiinuliwi juu ya maji hata kwa mchezo, na wote wanakaa nyuma ya mpigaji. Uzi unaofunga mshale unakunjwa ndani ya kikapu, uwe huru. Usifungwe mkononi hata kidogo, maana samaki akivuta au uzi ukinasa, ni mkono unaokwenda.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyepiga samaki. Babu alichomeka fimbo majini, akawauliza wanaona nini. "Imevunjika!" Akaitoa, ni nzima. Akaitia tena, imevunjika tena. Sisi walimu tuliwaeleza kwamba mwanga unapinda unapotoka majini kuja machoni, kwa hiyo samaki anaonekana juu kuliko alipo. Babu alisema kwa ufupi zaidi: "Samaki unayemwona ni kivuli cha macho yako. Piga chini yake." Wakajaribu kwa viazi vilivyozama kwenye karai. Kiazi cha kwanza kilikoswa mara kumi na saba, tulihesabu pamoja. Jambo hili mnaweza kulifanya nyumbani kwa karai, maji na kijiti, bila upinde. Mtoto halisahau.

Halafu wakaingia mtumbwini kwa zamu, wawili wawili, mama mmoja nyuma yao. Maji ya kiangazi yalikuwa mafupi na safi, chini unaona mchanga. Wa kwanza kupata ni msichana wa miaka kumi na miwili. Alingoja kambale apande kuvuta hewa, kama kambale wanavyofanya, akampiga pembeni ya kichwa. Baba mmoja mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi wake alisimama kuangalia, akasema hajaona binti akifanya hivyo. Msichana akamjibu kwa adabu: "Papa, sasa umeona."

Zamu ya yule kijana wa chandarua ilifika karibu saa tano. Sisi sote tulijua hadithi yake, na yeye alijua kwamba tunajua. Mama yake ndiye aliyekaa nyuma. Kijana alikuwa na mkono mzuri, viazi alivipiga kuliko wote. Mtumbwi ukaingia mfereji mdogo kati ya matete, na pale akaonekana tilapia mkubwa, ametulia, hakimbii. Kijana akavuta upinde. Babu hakupiga kelele. Aliweka kidole mbele ya mshale akasema: "Tazama kwanza kichwa chake."

Mbele ya mdomo wa samaki kulikuwa na wingu dogo jeusi linalotikisika. Kijana alifikiri ni uchafu. Kivuli cha mtumbwi kilipofika, samaki alifungua kinywa na wingu lote likaingia ndani. Kinywa kikafungwa.

Babu akawaeleza wote waliokuwa mtumbwini. Tilapia huyu jike hukusanya mayai yake kinywani, na watoto wakitoka huwalinda humo humo, karibu wiki mbili. Muda wote huo hali kitu, au anakula kidogo sana. Hatari ikija watoto hurudi kinywani. Kisha akasema neno ambalo tumelibeba mpaka nyumbani: "Ndoano, ukikosea, unaweza kumrudisha samaki. Mshale haurudishi. Kwa hiyo anayeshika mshale lazima ajue anampiga nani kabla hajaachia."

Kijana alishusha upinde polepole. Mikono ilikuwa inatetemeka, mama yake alituambia baadaye. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Babu, na wale wa kwenye chandarua?"

Babu hakumficha. Alimwambia kwamba chandarua haichagui. Inachukua mama, watoto, na mayai ya wale wanaotaga kwenye mchanga. Mama yake alilia pale mtumbwini, na hatukuona sababu ya kumnyamazisha.

Hatutawadanganya kwamba siku hiyo tulijaza vikapu. Mishale ilileta samaki wawili tu, wote kambale. Mchana Babu aligawa ndoano na minyoo, watoto wakavua kutoka kwenye ukingo ulio wazi, wakapata samaki kumi na mmoja wa kukaanga. Tulikula na bugali na sombe tulizobeba, tukanawa kwa sabuni, na saa tisa tulikuwa garini.

Upinde hauwezi kulisha nyumba, na hatukuwapeleka watoto ili wawe wavuvi wa upinde. Tuliuchagua kwa sababu unamlazimisha mtoto kusimama, kutazama na kumjua samaki mmoja kabla ya kumchukua. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto wetu bado wabichi, na ziwa liko mlangoni.

Lakini mafundisho bila chakula ni maneno matupu. Mkutano uliofuata, mama wa yule kijana alituuliza waziwazi: "Mwaka ujao ziwa likifungwa tena, nitapika nini?" Hatukuwa na jibu kubwa. Tulikubaliana juu ya mambo mawili. La kwanza, kuanzia mwezi huu sehemu ya likelemba inawekwa pembeni kununua ndagala wakati wa wingi, tuwakaushe vizuri na kuwahifadhi kwa miezi ile mitatu, nyumba zenye shida zaidi zikianza kupewa. La pili, kila mama mwenye uwanja, hata mdogo, apande lengalenga kabla ya Mei. Si dawa ya kila kitu, lakini ni mwanzo.

Na chandarua? Imefuliwa. Ina matundu makubwa mawili na madogo mengi, lakini imerudi juu ya kitanda cha mtoto, na kijana mwenyewe ndiye aliyepigilia msumari. Jana jioni tulipita ufukoni, tukaona watoto wengine wakikokota ya kwao. Yeye alikuwa amesimama kando, akiwaeleza kitu kwa mikono, akionyesha mdomo unaofunguka na kufungwa. Wengine walicheka, mmoja alikuwa anasikiliza.

Jumatano saa nane tunakutana mahali petu pa kawaida kushona vyandarua vilivyotoboka. Mama yeyote aliye na chandarua ya namna hiyo aje nayo, hata kama ina magamba. Hakuna atakayeulizwa ilikuwa wapi. Lete sindano na uzi mweupe.