Kripto Inatafuta Kwao: Mawazo Kutoka Mwisho wa Reli

Waungwana, kuna swali linazunguka sana siku hizi kwa vijana wenye simu janja na digrii mfukoni: ni nchi gani itakuja kuwa nyumbani kwa sarafu za kidijitali? Yaani hii Bitcoin na wenzake, ambazo hazina gavana wala waziri wa fedha, mwisho wa siku zitapokelewa wapi kwa mikono miwili? Mmoja anataja Dubai, mwingine Uswisi, mwingine El Salvador. Ukilileta swali hilo hapa Kigoma wapo watakaokuambia hayo ni mambo ya watu wa Dar wasio na kazi.

Mimi naona ni kinyume kabisa. Nenda pale Kibirizi asubuhi uangalie maboti yanavyopakia. Mzigo unakwenda Burundi na Kongo, mawese na dagaa na migebuka vinapishana na saruji, mchele na vyombo vya plastiki. Na pesa nazo zinapishana: shilingi yetu, faranga ya Burundi, faranga ya Kongo, na dola ambayo kila mtu anaiheshimu kuliko hizo nyingine zote. Kila noti inapobadilishwa kuna mtu katikati anakata chake. Wa Burundi ndio wana mtihani zaidi, kwa sababu faranga yao ina bei mbili, ya benki na ya mtaani. Mei 2023 benki kuu yao iliishusha thamani kwa mkupuo, dola ikapanda kwa karibu asilimia 38, na bado bei ya mtaani ikaendelea kuikimbia ile ya benki.

Sasa mfanyabiashara wa namna hiyo ukimwambia kuna sarafu iliyofungwa kwenye dola, kama hii USDT, inayokaa kwenye simu na kuvuka ziwa bila kupanda boti, unategemea akujibu nini? Atakuuliza: nitaipataje? Swali la nchi rafiki wa kripto linamhusu yeye kabla halijamhusu mtu wa Zürich.

Halafu jamani, sisi watu wa mwisho wa reli tusijifanye wageni kwenye jambo hili. Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa na pesa yake, ushanga ulioitwa sofi, vipande vidogo vinavyofanana na mpini wa kiko uliovunjika. Verney Lovett Cameron, mwanamaji Mwingereza aliyefika Ujiji Februari 1874, ameandika jinsi soko lilivyokwenda. Soko likifunguliwa, wapo watu wenye mifuko imejaa sofi. Mwenye ushanga wa aina nyingine anabadilisha kwao, anapata sofi, anakwenda kununua. Soko likifungwa, watu walewale wenye mifuko wanazipokea sofi kutoka kwa wauzaji. Faida wanaipata asubuhi, na faida wanaipata tena wakati wa kufunga.

Nikisoma habari ile napata mambo mawili. La kwanza, pesa isiyo na serikali nyuma yake si maajabu ya kompyuta. Sofi haikuwa na benki kuu wala picha ya rais, ila ilinunua samaki kwa sababu soko zima lilikubali kuipokea. La pili ndilo kubwa zaidi: wenye mifuko hawakukosa siku hata moja. Kwa hiyo mtu akiniuliza nchi gani itakuwa rafiki wa kripto, mimi namuuliza kwanza, rafiki wa nani? Wa mwenye mfuko, au wa muuza dagaa?

Tuzichukue hizo nchi tuzipime kwa swali hilo.

El Salvador ndiyo iliyoanza kwa kishindo. Septemba 2021 Bitcoin ikawa pesa halali, na sheria ikamtaka mfanyabiashara aipokee. Wananchi wengi hawakuitumia, wakabaki na dola zao. Ilipofika Januari 2025 bunge lilibadilisha sheria na kupokea Bitcoin kukawa hiari, maana nchi ilihitaji mkopo wa dola bilioni 1.4 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakaja pamoja na mkopo. Rafiki aliyenyimwa mkopo hubadili urafiki, hilo sote tunalijua.

Ya pili ilitoka kwetu Afrika. Jamhuri ya Afrika ya Kati, Aprili 2022, ikatangaza Bitcoin kuwa pesa halali. Hii ni nchi ambayo umeme na intaneti ni vya wachache, na pesa yake, faranga ya CFA, inaisimamia pamoja na majirani watano kupitia benki kuu moja. Majirani hawakufurahi hata kidogo. Serikali ikaja pia na sarafu iliyoitwa Sango, ambapo mgeni angeweza kununua uraia kwa dola 60,000. Agosti 2022 Mahakama ya Katiba ikasema hapana, uraia hauna bei sokoni. Mwaka 2023 ile sheria ya pesa halali nayo ikaondolewa. Mwananchi wa Bangui alipata nini katika hadithi yote hiyo? Mimi sijakiona.

Visiwa vya Bahama vilikwenda kwa njia ya kistaarabu zaidi, vikatunga sheria mwaka 2020, na kampuni kubwa ya FTX ikahamishia makao makuu huko mwaka 2021. Novemba 2022 FTX ikaanguka, na mwenyewe Sam Bankman-Fried akahukumiwa miaka 25 jela nchini Marekani mwaka 2024. Bahama walikuwa wenyeji wakarimu, lakini mgeni alikuwa anakula akiba za watu.

Dubai wamejipanga vingine. Mwaka 2022 waliunda mamlaka maalumu, VARA, kazi yake ni kutoa leseni na kuzisimamia kampuni hizi tu. Hili linatuhusu, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo anayejumlisha mzigo Dubai ndiye anayemuuzia mwenye duka wa Mwanga na Kasulu. Pesa ikizoeleka kule, itapanda ndege ije huku na sisi tukiwa bado kwenye semina. Mauritius nao walipitisha sheria yao mwaka 2021, na Afrika Kusini mwaka 2022 wakaamua mali hizi zihesabiwe kama bidhaa za kifedha, maana yake muuzaji lazima awe na leseni.

Hapa jirani mambo ni mchanganyiko. Burundi walipiga marufuku mwaka 2019 baada ya raia kulia kuwa wamelizwa. Benki Kuu ya Uganda mwaka 2022 ilizikataza kampuni za malipo ya simu kugusa kripto, na mwaka 2023 mahakama ikawa upande wake. Ethiopia wana lao peke yao: huruhusiwi kulipa kwa kripto, lakini walifungua mlango kwa kampuni za kigeni kuja kununua umeme wa maji na kuchimba Bitcoin kwa mashine. Ng'ambo kule Kongo mashariki, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa mto huko Luviro, ili ipate pesa za kujiendesha wakati watalii hawaji. Ukikumbuka miaka mingapi Kigoma tumeishi kwa jenereta za dizeli, unaelewa kwa nini mji wetu haukuwahi kuingia kwenye orodha hiyo.

Kenya ndio waliofika mbali. Mwaka 2015 benki kuu yao ilikuwa inawaonya wananchi waikimbie Bitcoin. Mwaka 2023 serikali ikaanza kutoza kodi ya asilimia 3. Oktoba 2025 Rais Ruto akasaini sheria ya watoa huduma za mali pepe, na sasa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndizo zinazopaswa kutoa leseni. Miaka kumi kutoka onyo hadi leseni. Sheria peke yake haitoshi, tutaona watakavyoisimamia, lakini angalau Mkenya akiibiwa anajua mlango wa kugonga.

Na sisi je?

Sisi, wenzangu, tuna kituko. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi si halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza kuzindua jengo la benki hiyohiyo, Rais Samia akawaambia wajiandae, wasije wakakutwa na mabadiliko usingizini. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, na kuanzia Julai mwaka huo ikawekwa kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Kodi inaanza, lile tangazo la 2019 lilikuwa bado halijafutwa. Kwa hiyo ofisi moja inakuambia usifanye, ofisi nyingine inakuambia ukifanya leta asilimia 3. Kwa Kiswahili cha mtaani, mlango umefungwa ila kiingilio kinalipwa dirishani!

Kuna jamaa nilisoma naye chuo, yuko hapahapa Kigoma. Aliingizwa kwenye kundi moja la simu, akaambiwa anunue sarafu, mwezi mmoja pesa inazaa. Akapeleka laki nane, mtaji wa duka la mdogo wake. Kundi likafutwa usiku. Nilimwambia twende polisi. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, akasema, 'Nikaseme nilikuwa nanunua kitu kilichokatazwa?' Hakwenda. Na aliyemtapeli nadhani alijua kabisa kuwa hatakwenda.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya marufuku ya nusunusu. Haimzuii tapeli, maana tapeli hajawahi kusoma tangazo la benki kuu. Inamziba mdomo aliyetapeliwa. Na utapeli wa aina hii hauhitaji kripto, sote tunakumbuka DECI mwaka 2009, watu walipanda mbegu za noti za kawaida kabisa zenye saini ya gavana. Tofauti ni kwamba waliolizwa na DECI walitoka hadharani wakalia, na kesi ikaenda mahakamani.

Wapo watakaosema, basi tuiache marufuku na tuikaze zaidi, mbona faida yenyewe haionekani? Hoja hiyo siidharau. Nchi yenye akiba ndogo ya dola ina haki ya kuogopa mlango ambao pesa inatoka bila kuonekana, na kwenye ziwa hili lenye nchi nne na vita upande wa pili, pesa isiyoonekana inaweza kununua hata risasi. Lakini historia yetu inatufundisha kitu. Kuna wakati kukutwa na dola mfukoni ilikuwa kesi ya uhujumu uchumi. Dola hazikuisha, zilihamia vichochoroni. Mwaka 1992 ikaja sheria ya fedha za kigeni, maduka ya kubadilishia yakapewa leseni, na bei ikaandikwa ubaoni kila mtu aione. Hata mwaka 2025 serikali ilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, haikurudi kwenye kuikana dola, iliipangia tu mahali pake.

Pesa za simu nazo hivyohivyo. M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, na sheria ya mifumo ya malipo ilikuja mwaka 2015. Miaka saba katikati Benki Kuu iliruhusu kwa barua huku ikiangalia kwa karibu. Leo mama wa mawese wa Kalinzi analipwa na mteja wa Morogoro kabla dumu halijapakiwa. Tungeanza kwa marufuku, tungekuwa wapi?

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, nchi itakayokuwa kimbilio la kweli la kripto si ile itakayopiga ngoma kubwa kuliko zote. Walipiga El Salvador, wakapiga Bangui, ngoma zikapasuka. Wala si ile yenye kodi sifuri. Nitawekea dau ile yenye vitu vitatu vya kawaida sana: umeme usiokatika, mahakama inayoelewa kinachozungumzwa, na daftari la leseni ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua aone nani ameruhusiwa kushika pesa yake na anakata kiasi gani. Kwa kipimo hicho Dubai na Mauritius wako mbele, Kenya wanakimbia, na sisi tunatoza kiingilio cha mlango tuliofunga.

Wale wenye mifuko ya sofi walikaa mahali ambapo soko zima liliwaona, na aliyepunjwa alijua sura ya aliyempunja. Tapeli wa jamaa yangu hana sura, ana namba iliyokwisha zimwa. Serikali ikitaka kuanza mahali, ianze kwa kumhakikishia kijana wa Kigoma kwamba akienda kituoni kuripoti hatageuzwa mtuhumiwa. Hilo halihitaji dola wala kompyuta, linahitaji karatasi moja yenye saini.