Iten: Kati ya Kambi na Chuo

Msafiri atokaye Eldoret kwenda Iten, nchini Kenya, hupanda polepole kwa kiasi cha kilomita 35, akipita mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe wa maziwa, mpaka afikie lango lililopita juu ya barabara, lenye maandishi ya kumkaribisha katika makao ya mabingwa. Mji wenyewe ni mdogo: soko, kituo cha matatu, maduka, makanisa, na njia za udongo mwekundu zinazotawanyika kila upande. Uko kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ardhi hukatika ghafla na kuporomoka hadi Bonde la Kerio, na siku isiyo na ukungu macho hufika mbali sana. Wenyeji husimulia kwamba jina la Iten ni masalio ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya Kilima cha Kumi, yaliyoachwa na msafiri Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883.

Kabla jua halijapanda, njia hizo hujaa wakimbiaji, makundi kwa makundi. Mgeni huitazama miguu yao akastaajabu, akadhani ameuona mji wote. Walakini mengi yanayoamua maisha ya vijana hawa hayafanyiki njiani. Hufanyika katika ofisi ya mwalimu mkuu, katika daftari la alama, na nyumbani usiku, baba na mama wanapoulizana kama mtoto avae sare au apande ndege.

Njia ya sare ni ya kale na ya heshima. Kipchoge Keino alikuwa polisi aliposhinda mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, na Naftali Temu, aliyeshinda mita 10,000 katika michezo hiyo hiyo, alikuwa askari wa jeshi. David Rudisha naye alikuwa polisi alipokimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 mjini London mwaka 2012. Jeshi, Polisi na Magereza ya Kenya huajiri wakimbiaji, huwapa mshahara na muda wa mazoezi, na mguu ukiumia kazi hubaki. Nani katika familia za askari asiyejua thamani ya mshahara unaofika kila mwisho wa mwezi?

Njia ya chuo si ngeni pia. Robert Ouko na Julius Sang, waliokuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana huko Munich mwaka 1972, walisoma katika chuo cha North Carolina Central, chini ya kocha Leroy Walker. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 katika michezo hiyo hiyo, alisoma Marekani hadi akapata shahada ya udaktari wa elimu, akarudi kuwa mwalimu wa chuo kikuu nyumbani. Tanzania nayo ilikuwa na Suleiman Nyambui, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, aliyeleta fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980.

Iten iliingia katika habari hii kwa mlango wa Shule ya St. Patrick's, iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki kutoka Ireland. Mwaka 1976 alifika pale Bruda Colm O'Connell kufundisha jiografia. Hakuwa amepata kufundisha riadha, lakini aliwatazama wavulana, akajifunza kutoka kwao, na baadaye akafungua kambi za wakati wa likizo ambazo wasichana nao walikaribishwa. Peter Rono alitoka shuleni hapo akaenda chuo kidogo cha Mount St. Mary's, Maryland. Huko Seoul mwaka 1988 alishinda mita 1500 akiwa na umri wa miaka 21. Katika michezo hiyo mita 800 zilichukuliwa na Paul Ereng, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, na mita 5000 zikachukuliwa na John Ngugi, askari wa jeshi la Kenya. Hivyo kambi na chuo vilisimama jukwaani katika majira yale yale.

Je, kijana asiye na jina husaidiwaje kufika huko? Kwanza kwa karatasi. Kocha wa Marekani hawezi kuamini muda uliopimwa kwa saa ya mkononi katika uwanja wa udongo, tena mahali ambapo hewa ni nyepesi na mbio ndefu huwa za polepole kuliko pwani. Anataka matokeo ya mashindano yanayotambuliwa. Anataka pia cheti cha mtihani wa taifa, orodha ya masomo na alama za kila mwaka, na barua ya mwalimu anayemjua kijana kweli. Chama cha michezo ya vyuo, kiitwacho kwa kifupi NCAA, hukagua vyeti na alama hizo kabla ya kumruhusu mtu kukimbia. Mkimbiaji aliyeacha shule kidato cha pili ili afanye mazoezi mchana kutwa amekwisha kuufunga mlango huo, hata awe na mbio za swala.

Kwa sababu hiyo mwaka 2004 Mike Boit na John Manners, mwandishi wa Marekani aliyeishi Kenya utotoni, walianzisha mpango wa KenSAP hapo Iten, wakaupindua utaratibu uliozoeleka. Hawakuanza na mwenye mbio. Walianza na mwenye alama za juu kabisa katika mtihani wa kidato cha nne, kisha wakampima kwa mita 1500. Waliochaguliwa walikaa Iten wakiandaliwa kwa mitihani ya kuingia vyuoni. Wengi wao hawakuwa mabingwa kamwe. Vyuo kama Harvard na Yale havitoi msaada kwa sababu ya michezo. Hutoa kwa kadiri ya umaskini wa familia, na kwa mtoto wa mkulima msaada huo waweza kuzidi ule wa mwanariadha.

Hapa wazazi wengi hukosea. Wakisikia neno msaada wa masomo, hudhani kila kitu kimelipwa. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa misaada 12.6 tu kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na mbio za nyika, na makocha waliikatakata vipande ili iwatoshe watu wengi. Timu ya wanawake iliruhusiwa 18, jambo ambalo baba anayemzuia binti yake asikimbie angefaa kulijua. Tangu mwaka huo vyuo vingi vikubwa vimewekewa kikomo cha idadi ya wanariadha badala ya misaada, lakini swali la mzazi ni lile lile: barua hii inalipa nini? Ada, chakula, malazi, vitabu, bima? Nauli ni ya nani? Viza ya mwanafunzi huruhusu kazi kidogo tu chuoni, kwa hiyo pengo haliwezi kuzibwa kwa kibarua cha mjini.

Asiyeuliza huliwa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa kwa ajili ya masomo ya Finland na Canada, katika mpango uliopitia serikali ya kaunti. Wako waliouza mashamba. Mpango huo haukuwa wa riadha, lakini somo lilifika Iten bila kuhitaji matatu.

Hata safari ya kweli ina gharama yake. Henry Rono alitoka jeshini akaenda Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na mwaka 1978, kwa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo hakukimbia hata moja. Ulevi na ufukara vilimwandama ugenini miaka mingi, akarudi nyumbani mwaka 2019 na kufariki mwaka 2024. Tofauti na yeye, Sally Kipyego alianzia chuo kidogo cha South Plains, akahamia Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo, akasomea uuguzi, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 mjini London. Wengine waliunganisha njia zote mbili kwa namna ambayo wazee wao hawakuiwaza: Paul Chelimo, mzaliwa wa Iten, alisoma Greensboro huko North Carolina, akajiunga na jeshi la Marekani, na mwaka 2016 akailetea nchi hiyo fedha ya mita 5000.

Ugumu mkubwa kuliko yote ni wa kusubiri. Matokeo ya kidato cha nne hutoka aghalabu mwezi wa Januari, na muhula wa Marekani huanza Agosti. Ni miezi isiyopungua saba. Mara nyingi hupita mwaka na zaidi kabla majibu hayajatimia. Katika miezi hiyo wakala huja na nafasi ya mbio za barabarani zenye zawadi, na kijana akipokea fedha anaweza kupoteza haki ya kukimbilia chuo. Akiendelea kushindana bila kujiunga, misimu yake yaweza kupunguzwa. Na katikati ya hayo hutangazwa siku ya kuandikisha askari. Wadogo zake wanadaiwa ada, afisa anasubiri na saa mkononi, na barua ya chuo haijafika. Mwalimu anayetaka kusaidia hana la kumwambia mzazi ila tarehe, kiasi cha fedha kilichoandikwa, na kile ambacho hakijaandikwa. Kisha humwacha baba na mama waamue kabla ya siku hiyo.