Usiku mashine ya bitcoin ilipowashwa chumbani kwa watoto

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nyumbani kwetu Mwamgongo kulijaa vitu viwili: wanaume wasio na kazi na betri zisizo na kazi. Mume wangu anavua dagaa. Zamani walivulia karabai, siku hizi ni taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Ziwa likifungwa, betri nazo hupanda nchi kavu na kuingia ndani.

Kwa msiopajua, Mwamgongo ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kaskazini tu ya Hifadhi ya Gombe. Mjini tunakwenda kwa boti na kushukia Kibirizi. Nyumba zimesogeleana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili, wewe unapiga chafya. Sasa fikiria moto.

Kijana wangu wa pili alikuwa amemaliza kidato cha nne na tulishamwekea ada ya VETA. Mwezi Juni alikwenda mjini kulipa, akarudi na boksi begani. Ndani mlikuwa na mashine ya mtumba ya kuchimba bitcoin, Antminer S9, pamoja na pawasaplai yake na inveta iliyoandikwa wati 2,000. Ada yote ilikuwa imeishia humo.

"Mama, sisi tukilala, hii inafanya kazi," akaniambia.

Baba yake hakusema neno siku mbili. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili. Nilimuuliza kama ametapeliwa. Nilimkumbusha kuwa Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Akanijibu kuwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo wa 2024 imeziwekea kodi ya zuio ya asilimia 3, sasa Serikali itatozaje kodi kitu kisichokuwepo? Tulibishana hivyo wiki nzima, na naona aibu kusema kwamba katika maneno yote yale sikuuliza swali moja dogo: utaiwasha kwa umeme gani?

Jibu nililipata usiku, kwa pua.

Binti yangu mdogo, wa miaka minane, ndiye aliyekuja kuniamsha. "Mama, kuna harufu ya ndala inayoungua." Nilisikia mngurumo kama wa injini ya boti, ukizima, ukiwaka, ukizima. Nilipofungua mlango wa chumba chao, moshi ulikuwa umefika usawa wa kifua. Kijana alikuwa ameunganisha betri mbili za baba yake kwenye inveta kwa waya wa taa za kuvulia, na waya ule ulikuwa unayeyuka ukigusa ukingo wa godoro. Alikuwa anajaribu kuuvuta kwa mkono.

Baba yake alipita pembeni yangu na kafi. Kwa mpini wake, mti mkavu, akaging'oa kibanio cha betri. Majirani walishafika na ndoo za maji. Nikapiga kelele: mchanga, leteni mchanga! Mchanga kwetu hauna shida, umejaa mwaloni. Godoro likazimwa. Kijana alibaki na kovu kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Asubuhi mume wangu alitaka kuitupa mashine ziwani. Nikamwambia angoje. Nilihofia kwamba tukiitupa, kijana angejifunza tu kwamba wazazi wake ni washamba, kisha akaifanye kazi hiyohiyo kwenye chumba cha kupanga mjini ambako sitasikia harufu. Nikachukua daftari tukakaa.

Mashine ile inakula kama wati 1,350. Taa moja ya mtumbwi wetu ni wati 20. Yaani kijana alikuwa amewasha taa sitini na saba kwa waya wa taa moja. Kwenye betri ya volti 12, wati hizo zinataka mkondo unaozidi ampea 110. Waya mwembamba ukipitishiwa mkondo huo unageuka kuwa jiko. Tukaendelea. Kwa siku nzima mashine inataka zaidi ya uniti 32. Wenye umeme wa TANESCO mnaijua ile hesabu ya uniti 75 kwa mwezi ya nyumba yenye matumizi madogo. Mashine hii ingezimaliza kabla ya siku ya tatu kwisha. Nilimwona akiitazama namba ile muda mrefu.

Wiki iliyofuata tukapanda boti wote wawili kwenda kwa fundi umeme pale Mwanga. Kijana akamwamkia, nami nikamweleza kila kitu bila kuficha. Fundi hakucheka. Alishika ule waya ulioungua akauliza, "Fyuzi ilikuwa wapi?"

Haikuwepo. Mimi nilidhani fyuzi ni ya kulinda kifaa. "Hapana, mama. Hii inalinda waya, na waya ndiyo unaochoma nyumba." Akatuonyesha inakokaa: kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, ili hata waya ukikatika au kugusana huko mbele, fyuzi iwahi kukata. Na fyuzi ichaguliwe kwa unene wa waya. Ikikatika usiitie msumari wala karatasi ya sigara.

Alipojua betri zilikuwa zinachajiwa chumbani, madirisha yamefungwa, hapo ndipo alipokasirika. Betri za maji zikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja ya kibanio inatosha kuilipua. Zikae penye upepo, mbali na wanakolala watu. Zetu zilikuwa zimelala na watoto tangu Mei, hata kabla ya mashine.

Akaigeukia pawasaplai. Hata penye umeme wa uhakika, alisema, mashine hii haichomekwi kwenye eksitensheni iliyopita chini ya zulia. Ivutiwe laini yake kutoka kwenye swichi kuu, iwe na breka yake na waya wa ethi unaofika ardhini kweli. Pawasaplai ya wati 1,600 inabeba wati 1,350 bila kujazwa hadi mdomoni. Ya wati 1,400 ingechemka mchana na usiku. Kila bodi ya S9 ina matundu matatu ya umeme, na yote matatu yachomekwe, kutoka pawasaplai moja. Ukiacha moja, mawili yaliyobaki hubeba mzigo wa matatu na plagi zinaungua. Huchomeki wala huchomoi umeme ukiwa umewashwa.

Kijana akauliza, mbona Congo wanaweza? Alikuwa amesoma habari za Hifadhi ya Virunga, ng'ambo ya Goma. Fundi alikuwa anazijua. Kule Luviro walijenga kituo cha umeme wa maji, umeme ukapatikana kabla nyaya za kuufikisha kwa wateja, na watalii wakakatika wakati wa korona. Ndiyo wakaanza kuchimba bitcoin mwaka 2020, mashine zikiwa ndani ya makontena ya chuma yenye feni ukutani, kando ya kituo. "Wao walikuwa na umeme wakatafuta mashine," fundi akasema. "Wewe una mashine unatafuta umeme, na umeanzia kwenye betri za mzee."

Tulinunua fyuzi mbili na vishikio vyake, tukarudi na boti ya mchana. Kijana alimfungia baba yake kabla ziwa halijafunguliwa, na betri zikahamia kwenye kibanda cha nyavu. Agosti wavuvi wengine waliziona mwaloni, wakaanza kumletea betri zao. Ada ya VETA bado haijatimia. Mashine iko juu ya kabati, imefunikwa kitenge, na kila Jumapili ananiuliza kama nimepata mteja. Nikimpata, nitampa na karatasi ya hesabu.